Redio ya Mwiko

Ndugu yangu, nilikuwa nimekwenda kumsalimu mama tu. Unajua safari zetu za kutoka Bukavu kushuka Uvira: unafika umejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, kiuno kinauma, na mtu wa kwanza kukuona anakuambia umekonda. Mama naye aliniambia hivyo hivyo. Siku hizi anakaa juu, upande wa mlimani, katika nyumba ya kupanga, kwa sababu ile yetu ya chini imeliwa na ziwa. Maji yalipanda polepole, msimu baada ya msimu. Yakaingia uani, yakaingia sebuleni, yakakaa kabisa. Mama akahamisha alichoweza kubeba kichwani. Basi niliingia jikoni kumsaidia, nikatia mkono kwenye beseni la vyombo, na mkono ukakitambua kitu kabla macho hayajakiona. Ulikuwa mwiko wa bugali, ule mrefu, ulioungua ubavuni.

Nilicheka peke yangu. Mama alikuwa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuniuliza ninacheka nini.

"Niliacha kabati," alisema, "nikaleta ile."

Kaa vizuri nikusimulie, maana wewe ukiuona mwiko ule utaona ubao tu. Sisi tulikuwa tukiuona redio.

Kabla yake tulikuwa na redio ya kweli, ya baba, ndogo, yenye kamba ya raba iliyoshikilia mgongo wake. Ilikula betri kuliko sisi tulivyokula bugali. Betri zikilegea, kaka yangu alipanda juu ya bati kuzianika juani, na jioni redio ilisema kidogo, kwa sauti ya mtu mwenye homa, kisha ikanyamaza. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara ulikuja ulipojisikia, na betri mpya zilisubiri mambo mengi mbele yake: chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Siku moja betri zilikufa kabisa, hata jua halikuzisaidia kitu. Mama akasonga bugali huku akilalamika kwamba sasa nyumba hii haitajua hata kama dunia imekwisha.

Baba alichukua kikwembe cha mama, kitambaa chake cha kujifunga, kutoka kwenye kamba, akakitundika mlangoni kati ya sebule na chumba cha kulala, akaunyakua mwiko mkononi mwa mama, ukiwa bado unatoa moshi, akaingia nyuma ya kile kitambaa. Kisha tukasikia sauti nzito, ya puani, ambayo haikuwa ya baba hata kidogo:

"Hapa ni redio ya nyumbani. Habari zetu ni fupi kwa sababu bugali iko moto."

Ee, siku ile! Alitoa habari za jogoo wetu, aliyevuka mpaka na kuingia kwa jirani bila kibali. Alitoa hali ya hewa: kule ziwani kutakuwa kukavu, lakini kwenye kitanda cha mdogo wetu mvua inatazamiwa kabla ya mapambazuko. Mdogo wetu akalia, mama akacheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo hatukumuuliza tena baba habari za betri. Kila jioni bugali ukishafunikwa, kikwembe kilitundikwa, kaka akapiga bidoni, dumu tupu la maji, kuwa ndiyo muziki wa kufungulia, na mmoja wetu akaingia nyuma na mwiko. Kila mmoja alitaka kuwa mtangazaji, kwa sababu mtangazaji alikuwa na haki ya kulamba bugali uliobaki kwenye kipaza sauti.

Lakini tulichopenda kupita vyote ni makomunike. Wewe umekulia huku, unajua komunike. Milimani simu hazikuwepo, barabara ilikatika kila mvua ilipokasirika, kwa hiyo mtu mwenye neno la kupeleka alikwenda kuliweka redioni: familia iliyoko mahali fulani inajulishwa kwamba fulani amefika, au amezaa, au mara nyingi zaidi, amefariki. Baba aliyaiga makomunike yale vizuri sana. "Mtu aliyepitisha kidole kwenye kopo la sukari anajulishwa kwamba sisimizi wamemtaja kwa jina." Tuliangaliana. Mwenye kidole alijijua.

Katika msimu huo ndipo alipokuja koko. Koko ni bibi yetu, mama yake mama, mtu wa juu, wa Lemera, aliyezoea baridi na ukungu wa asubuhi na mashamba ya kwenye mteremko. Koko mwanaume, mume wake, alikuwa amekwisha kufa. Aliteremka Uvira kutafuta matibabu, ugonjwa ukamshinda akiwa nyumbani kwetu. Toka wakati huo koko alikaa peke yake juu kule, mpaka mvua moja ilipomwangusha njiani na mzigo wa kuni. Alilala kwenye utelezi na goti lililovimba, akiita, mpaka watu waliokuwa wakienda kanisani walipomsikia. Mama alipopata habari hakula. Mjomba wetu, mlimaji wa mpunga pale Sange, akamshusha koko kwa lori na kumleta kwetu. Wakakubaliana kwamba mpunga ukishavunwa mjomba atakuja kumuuliza neno moja tu: unabaki ao unarudi?

Mama alituita jikoni, akafunga mlango. "Akirudi kule peke yake, siku ingine ataanguka na hakuna muntu atakaye musikia. Munasikia? Mumuchekeshe. Muntu akicheka mu nyumba, anaizoea."

Kumchekesha koko! Hakukuwa na kazi ngumu kama ile. Alikuwa mwembamba, mkali, na fuko lake la nguo lilikaa chini ya kitanda limefungwa fundo ambalo hakulifungua, akitoa nguo moja moja kwa ubavuni. Alilalamikia joto. Alilalamikia mbu. Tulipomwekea ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilizokaangwa na nyanya na mawese, harufu ikijaa uani mpaka paka wa jirani akaja kusimama mlangoni, koko aliisukuma sahani kwa kidole.

"Hii vitu munakula na macho yake? Iko naniangalia."

Jioni alikaa uani akilitazama ziwa, taa za wavuvi zikianza kuwaka mojamoja na ng'ambo kule Bujumbura ikimeta chini ya milima, mambo ambayo sisi tuliyaona mazuri kuliko yote duniani. Yeye alitikisa kichwa. "Maji haya siko nayaamini," alisema. "Siku moja itakuja kuomba nafasi ya kulala mu nyumba." Tulicheka. Tulimwambia ziwa lina mahali pake. Alituangalia tu, akanusa tumbako yake.

Na kulikuwa na jambo jingine, zito kuliko samaki. Kwa watu wa kwao, mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni na hawali pamoja. Ndiyo heshima. Sasa nyumba ndogo kama ile yetu, ndugu yangu, heshima hiyo ingepita wapi? Baba akiingia mlango wa mbele, koko alitoka wa nyuma. Baba akienda kuoga, mmoja wetu alitangulia kukohoa. Siku moja walikutana ghafla kwenye kona ya choo, kila mmoja akageuka ukutani, wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimngoja mwenzake apite, mpaka mama alipokwenda kumshika koko mkono na kumwondoa. Koko alikula jikoni, amegeukia makaa ya moto, na alikuwa akimwambia mama kwa sauti ya chini kwamba ni aibu mtu mzima kama yeye kuhesabiwa katika sufuria ya mkwe.

Mama ndiye aliyewaza redio. Baba akiwa nyuma ya kikwembe, wangeonana vipi? Basi jioni moja akamshika koko mkono, akamleta sebuleni kwa mara ya kwanza, akamkalisha mkekani katikati yetu. Koko alishika sahani yake ya bugali na mboga ya lengalenga. Kaka akapiga bidoni. Mimi nilikuwa ubavuni pake kabisa, najua alivyonukia, moshi na tumbako. Nilikuwa namwangalia mdomo wake tu, nikingoja ucheke.

Baba alikuwa amejitayarisha mchana kutwa. Alitaka kumfurahisha mama mkwe wake, maskini, na hakuwa na njia nyingine ya kusema naye. Akakohoa, akaweka sauti ile ya puani:

"Familia iliyoko Lemera inajulishwa kwamba..."

Hakufika mwisho. Alikuwa ameandaa kusema kwamba koko wao amefika salama na kwamba samaki wa Uvira wanamwomba msamaha kwa kumkodolea macho. Hatukuyasikia hayo. Sahani ilianguka. Koko alisimama na mikono kichwani, akalia kilio kile cha msibani, kirefu, majirani wakatoka nje. "Yoo! Nani tena? Nani tena?"

Maneno yale yale, ndugu yangu. Koko mwanaume alipofia kwetu, barabara ilikuwa imekatika, na baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kuweka komunike redioni. Familia iliyoko Lemera inajulishwa. Koko alikuwa kwa jirani yake anamenya mihogo, redio ikiwa imetundikwa kwenye mti wa uani, na ndivyo alivyojua kwamba ni mjane, kisu kikiwa mkononi. Hatukulijua hilo. Tulilijua usiku ule mama alipomlaza na kutoka nje kutusimulia, akijifuta macho. Baba alikuwa bado amekaa nyuma ya kile kitambaa, mwiko magotini. Hakuweza kwenda kuomba msamaha, kwa sababu hakuruhusiwa kumtazama.

Kikwembe kilirudi kiunoni mwa mama, mwiko ukarudi kwenye bugali. Hakuna aliyesema redio imefungwa, ila hakuna aliyeigusa. Tulikula tukisikiliza meno yetu. Nikikumbuka siku zile naona kama mvua ilinyesha mfululizo, ingawa huenda haikunyesha. Nakumbuka maji yakidondoka kutoka kwenye bati, mama akipika bila kulalamika, jambo lililotutisha kuliko makelele yake yote, na fuko la koko likiwa limetoka chini ya kitanda na kuwekwa karibu na mlango. Aliniambia mimi, akinisuka nywele: "Mujomba yako akikuja, naenda kwetu. Muniache nikufie kwangu." Nilikaza shingo ili asijue kwamba ninalia. Alijua, kwa sababu alianza kuvuta nywele taratibu.

Mjomba alifika siku ya soko, na gunia la mchele mpya wa Sange begani, anacheka kwa sauti ya mtu aliyevuna vizuri. Tulifurahia mchele, tukamchukia mwenye kuuleta. Jioni alikaa sebuleni na baba. Mama alisonga bugali kwa nguvu, nadhani ndiyo siku mwiko ulipoungua ubavu, maana aliusahau kwenye moto akiwa anaangalia lile fuko. Alipofunika bugali, koko akainuka pale jikoni.

"Redio yenu imekufa?" aliuliza.

Tukamwangalia.

"Weye," akamwambia kaka, "kamata bidoni. Na weye, tundika kikwembe."

Nilikimbilia kikwembe cha mama. Koko alikishika, akakiinua kwenye mwanga wa taa, akatoa ulimi kwa dharau. "Hii iko na matundu. Mukwe wangu ataniona mu matundu." Akainama kwenye fuko lake. Fundo lilikuwa limekaza kwa kukaa siku nyingi, akalifungua kwa meno, na kutoka chini kabisa akatoa kitenge chake kizuri, cha kanisani, chenye ndege wa rangi ya buluu. Nikakitundika mlangoni. Akapokea mwiko kwa mama, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akaingia nyuma ya ndege wale na goti lake bovu. Kaka akapiga bidoni, lakini alipiga vibaya kwa woga.

Tulisikia akipumua. Kisha koko akasema, bila kubana pua, kwa sauti yake mwenyewe ya mlimani, ile ya kuitana kutoka kilima hadi kilima:

"Familia iliyoko Lemera inajulishwa kwamba koko yenu hajakufa!"

Kaka akaweka bidoni chini.

"Iko Uvira. Iko nakula bugali. Jembe yangu mumupatie jirani wa chini, ile mutu alinisikia wa kwanza siku nilianguka. Kuku mukule, lakini jogoo muache. Minye sirudi." Akakohoa, kama baba. "Na mukwe wangu anajulishwa kwamba sikumukasirikia. Ile maneno nilikuwa nayasikia mara moja tu, na ile mara ilikuwa ya kweli. Njo maana nililia. Sasa nataka nikuwe naisikia na habari ingine. Mukwe wangu aendelee na kazi yake ya redio. Habari zangu ni fupi juu bugali iko napoa!"

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alicheka au alilia. Alikitazama kitenge kile chenye ndege, akakiitikia kwa heshima kama unavyomwitikia mtu: "Aksanti, mama. Redio imesikia."

"Ebu!" mjomba akasema. "Na minye nimekuya mbio mbio toka Sange juu ya kumuchukua!"

Hapo ndipo tulipolipuka. Mama alicheka akilia, mdogo wetu alicheka bila kujua kwa nini, mjomba alijipiga mapaja, na nyuma ya kitambaa tulisikia sauti tuliyoitafuta msimu mzima, kicheko kikavu, cha kukwaruza, kama mtu anayekwangua sufuria. Nilichungulia pembeni. Koko alikuwa anacheka huku analamba mwiko.

Alibaki. Fuko liligeuzwa kuwa la kuwekea kunde. Toka siku hiyo kitenge cha ndege kilikuwa cha redio, na nyuma yake koko na baba walizungumza miaka mingi bila kuvunja heshima ya mtu. Baba alitangaza, koko alijibu kutoka mkekani, kisha wakabadilishana. Waligombana hewani kuhusu chumvi, walipeana pole, baba alimwomba shauri hewani alipokosana na mama, na koko alimpa mama haki, hewani. Ndagala alizikubali mwishowe, lakini alizikata vichwa kwanza, kila moja, kwa subira, akivipanga vile vichwa pembeni vikimgeuzia mgongo.

Alipokufa tulimpandisha Lemera, kama alivyotaka, amefunikwa kitenge chake chenye ndege. Baba alikwenda tena kuweka komunike kwenye redio ya kweli. Iliposomwa tulisimama wote sebuleni, na baba aliifuatisha kwa midomo tu mpaka mwisho wake. Kisha baba naye akatuaga. Kaka yuko Lubumbashi, mdogo wetu ana watoto ambao huniambia kwenye simu kwamba wamechoka kukaa bure, na kila mmoja wao ana kioo chake cha simu cha kutazama. Pale palipokuwa sebule yetu, jana nilikwenda kupaona. Ukuta mmoja umebaki, maji yanaingia mlangoni na kutoka dirishani, taratibu, na ndagala wadogo wanaogelea mahali ambapo koko aliweka mkeka wake. Nilisimama mpaka viatu vikalowa. Koko alituambia, na sisi tukacheka.

Basi jana hiyo hiyo jioni mama alisonga bugali katika nyumba ile ya juu. Sombe lilikuwa limeiva, harufu ya mawese imejaa, na kutoka mlangoni ungeliona ziwa lote, zuri lile lile, halina habari na mtu. Alifunika bugali. Kisha hakuuweka mwiko kwenye maji. Alininyooshea.

"Habari?" alisema.

Mlango wa chumba chake una pazia la kawaida tu. Nikaingia nyuma yake, mtu mzima mimi, mwenye mvi pembeni mwa masikio. Mwiko ulikuwa moto. Nilitaka kubana pua kama baba, sauti ikakataa, ikatoka ya kwangu.

"Koko aliyelala Lemera anajulishwa kwamba ile nyumba imehama. Asitutafute kule chini, kuna maji, aliyasema mwenyewe. Anajulishwa kwamba tumepanda, tuko huku juu, karibu na kwao. Mwiko uko. Mama yuko."

Nilisikia kiti kikisogea. Nikachungulia pembeni mwa pazia. Mama, na magoti yake mabovu, alikuwa amesimama wima katikati ya sebule, mikono kando, kama tulivyosimama siku ile komunike ya koko iliposomwa.

"Maliza," aliniambia. "Bugali iko napoa."

Nikalamba mwiko, nikatoka, tukala.